Barua Isiyoomba Radhi

Ambositra, 6 Juni 1993

Kaka Njaka,

Natumaini baridi ya huko imepungua. Ya hapa ndiyo kwanza inaanza, na Babu amerudia mtindo wake wa kulala na kofia.

Majibu yamefika. Wamenikataa tena, mara ya pili sasa. Barua yao ina mistari miwili, na mmoja ni wa kunitakia heri. Mwaka jana nilijiambia ni alama za hesabu. Mwaka huu alama zangu ni sawasawa na za binti wa mwenye duka la vinyago, na yeye wamempeleka.

Limebaki jaribio moja. Mwakani natimiza miaka ishirini na mitano, na baada ya hapo hawapokei maombi. Nitabaki kuwa mwalimu wa kushikizwa pale shuleni mpaka mwenye nafasi yake arudi, kisha sijui.

Nakuomba unieleze wewe ulifanyaje ukapata ufadhili. Sitaki kutiwa moyo. Nieleze kama unavyomweleza fundi, hiki kwanza, kile baadaye. Nimeweka humu nakala ya barua yangu ya maombi. Babu alinisaidia kuitunga, na anasema haijawahi kutoka barua nzuri kama hiyo katika nyumba hii.

Jambo la pili. Babu alianguka kwenye ngazi ya jikoni mwezi uliopita. Nyonga haikuvunjika, lakini sasa anapanda na kushuka kwa makalio, kipago kimoja kimoja, na amenikataza kucheka. Wanaotaka akawe msemaji wao kwenye harusi inawabidi waje kumchukua kwa gari. Siwezi kumwacha peke yake hata kwa usiku mmoja. Wewe unamaliza masomo Julai. Utarudi lini?

Mdogo wako,
Sahondra


Grenoble, 4 Julai 1993

Mdogo wangu Sahondra,

Nilianza kuisoma barua yako ya maombi nikiwa nimesimama kwenye lango la bweni. Nilicheka mpaka mlinzi akaniuliza kama nimepata habari njema. Nikaisoma tena nikiwa nimekaa chumbani, na kicheko kikaniisha.

Ukurasa wa kwanza wote unaomba radhi. Unaomba radhi kwa wakubwa kwa kuthubutu kusema mbele yao, na kwa walio wakubwa kuliko wewe ambao hawakupata nafasi ya kusema. Unasema wewe ni kitindamimba, hujui kitu, ulimi wako mzito, na wapo wengi wanaostahili kuliko wewe. Kwenye harusi ya hapo nyumbani watu wangeitikia, "Huna lawama, sema." Huku hakuna wa kuitikia. Wanaamini unachowaambia. Umewaambia wapo wanaostahili zaidi, nao wakaenda kuwatafuta hao.

Mimi nilipoomba nilikuwa shule ya bweni huko mji mkuu, Tana, mbali na Babu, na mwalimu wetu wa fizikia alikata radhi yangu yote kwa kalamu nyekundu. Ndiyo siri yangu yote.

Kwa hiyo anza na kazi uliyoifanya, sentensi ya kwanza kabisa, kabla hawajachoka kusoma. Usiwaambie unapenda sayansi tangu utotoni, maana kila mwombaji anaipenda tangu utotoni. Wewe umekuwa ukihesabu viwavi wa hariri kwenye miti ya tapia tangu ulipomaliza shule. Hilo hakuna mwingine atakayeliandika. Taja chuo, taja na mwalimu unayetaka akufundishe, na useme kwa nini yeye; ukienda Tana pita maktaba umsome kwanza. Wa kukupendekeza waombe sasa hivi, usingoje mwezi wa kumi wakati kila mtu anawagongea mlango, na umchague aliyekuona ukifanya kazi, hata kama hana cheo. Gongesha mihuri kwenye nakala za vyeti mapema. Jibu kila swali walilouliza, hata lile linaloonekana la kijinga. Na usiombe radhi popote, hata mwishoni.

Babu mpe pole. Mwambie hata mimi huku nimeteremka kilima kizima kwa makalio kwenye barafu, kwa hiyo ni mambo ya ukoo.

Nimepata kazi kwenye ofisi ya wahandisi wa maji. Ni ya mwaka mmoja tu, kwa ajili ya uzoefu.

Kaka yako,
Njaka


Ambositra, 15 Agosti 1993

Kaka Njaka,

Nimejaribu. Hujui unachoniomba, au umesahau. Kuandika "mimi nimefanya" bila neno lolote mbele yake ni kama kupita mbele ya wazee waliokaa bila kuinama na kutanguliza mkono. Mgongo wenyewe unakataa. Jioni nzima nimeandika sentensi moja: "Nimehesabu vifukofuko vya hariri katika msitu wa tapia wa njia ya Itremo kila mwezi kwa miaka minne." Nikaongeza "mniwie radhi kwa kulitaja." Nikaifuta. Nikairudisha. Nikalala.

Na kuna Babu. Jana nilikuwa nammiminia maji ya ukoko wa wali anywe baada ya chakula, akaniuliza, "Barua ya mwaka huu tunaianza lini?"

"Bado mapema, Babu."

"Mapema kwa nani? Mwaka jana tulikuwa na haraka, radhi ikawa fupi. Ndiyo maana wamekataa."

"Ilikuwa ukurasa mzima."

"Ukurasa mmoja. Harusi ya mjukuu wa Razaka niliomba radhi mpaka wali ukapoa, na hakuna aliyelalamika."

"Walilalamika, Babu. Wewe hukuwasikia."

"Ningesikiaje? Nilikuwa naomba radhi."

Akacheka mpaka akakohoa, nami nikacheka naye, na ndipo nikaiona shida yangu sawasawa. Mwaka huu anataka kurasa mbili. Miaka arobaini amefungua milango ya wilaya hii yote kwa maneno hayo. Amepatanisha koo, ameposa wasichana waliokwisha kunyimwa watu wengine. Nitamwambiaje kwamba mlango wangu mimi ndio yanaoufunga?

Walimu nimekwisha kuwaomba. Mihuri tayari.

Kuhusu kurudi hukujibu kitu.

Sahondra


Grenoble, 20 Septemba 1993

Sahondra,

Usimwambie. Iandike, itume, kisha mtunge nyingine naye kwa raha zenu, uiweke kabatini. Si uongo, ni adabu ya namna nyingine.

Kama sentensi hazitoki, fanya kana kwamba unaniandikia mimi. Mwaka juzi uliniandikia jinsi moto wa wachungaji ulivyounguza upande wa magharibi wa msitu, na jinsi viwavi walivyorudi kwenye miti iliyobaki hai kabla ya majani kukomaa. Hukuomba radhi hata mara moja. Nakili hiyo. Kisha andika swali ulilonimalizia nalo: viwavi wakiisha na hariri ikaisha, wazee wetu waliokufa tutawavisha sanda gani? Nilikaa nalo wiki nzima. Na wao wakae nalo.

Kazi ni nyingi. Nitaandika kwa urefu baadaye.

Njaka


Ambositra, 2 Novemba 1993

Kaka Njaka,

Nimeituma tarehe 25 Oktoba. Ni ukurasa mmoja na nusu na haina radhi mahali popote. Nilipoitumbukiza kwenye sanduku la posta nilijikuta nimeinama kidogo, basi sanduku limepata haki yake.

Lakini sikuweza ile ya kabatini. Nimeishi na Babu tangu mama alipofariki, na sijui kumsomea maneno ya uongo. Siku ya tatu nikamsomea nakala ya barua niliyoituma. Alifumba macho kama anavyowasikiliza wasemaji wenzake. Nilipomaliza, akangoja. Kisha akasema, "Sasa nisomee mwanzo."

"Huo ndio mwanzo, Babu."

"Nani alikufundisha?"

Nikaikunja nakala. Hakuuliza tena. Alisema tu, kwa sauti ya chini, kwamba msichana aliyelelewa na Ratsimba ameingia kwa watu bila kubisha hodi, na lawama ya namna hiyo haiangukii ukuta, lazima impate mtu.

Kesho yake akavaa koti la harusini, akamsimamisha jirani mwenye mkokoteni wa ng'ombe, akaenda mjini. Alirudi amechangamka. Nilipomuuliza alikokwenda, akasema kuna msiba wa watu wa mbali ambao hakupenda wafikiri amewasahau. Usiku akala sahani mbili.

Naona amenisamehe. Sasa ni kungoja.

Sahondra


Antananarivo, 24 Januari 1994

Kwa Bi Sahondra Ratsimba, Ambositra

Bibi,

Ombi lako limepitishwa katika mchujo wa kwanza, na kamati imevutiwa na kazi yako ya msituni.

Hata hivyo, mwezi Novemba ofisi ilipokea barua kutoka kwa mlezi wako, Bwana Ratsimba. Anaeleza kwamba wewe ni mtoto usiyejua kusema mbele ya watu, kwamba huna akili wala malezi ya kutosha, kwamba barua yako iliandikwa pasipo haki, na anaomba isikutie hatiani bali lawama yote imrudie yeye. Kamati imeelewa kuwa mlezi wako haoni kama una uwezo, na huenda anaondoa ridhaa yake.

Tunahitaji maelezo yake kwa maandishi, yaliyo wazi, kabla ya tarehe 28 Februari. Yasipofika, jalada lako litafungwa.

Katibu,
Ofisi ya Ufadhili wa Masomo


Ambositra, 27 Januari 1994

Kaka Njaka,

Soma nakala niliyoiweka humu kwanza, kisha urudi hapa.

Umesoma? Ule msiba wa watu wa mbali ulikuwa wangu.

Hakunisaliti. Nataka ulielewe hilo kabla ya jambo lingine lolote. Alinibishia hodi. Alikwenda mjini na nyonga mbovu kwenye mkokoteni, amevaa koti, ili lawama yangu ibebwe na yeye. Amekuwa akinitazama miezi hii yote kwa furaha ya mtu aliyempa mwenzake zawadi bila kujulikana. Kila posta ikifika ananiuliza, "Bado?" na anatabasamu.

Barua hii itakufikia katikati ya Februari, na jibu lako halitaniwahi. Kwa hiyo siombi ushauri. Naandika kwa sababu nyumba hii ina watu wawili, na mmoja wao siwezi kumwambia.

Nikinyamaza, nabaki. Nikisema, nampokonya Babu kitu pekee ambacho mguu haujampokonya. Na hata nikisema na akaandika na wakanichukua, nani atamshika mkono kwenye ngazi? Nilikuuliza mwezi Juni. Nilikuuliza Agosti. Unanifundisha kutoka, Njaka, unanifundisha vizuri, na mlango umeukalia wewe. Wewe unaweza kuwa huko kwa sababu mimi niko hapa.

Nimeandika sentensi hiyo bila radhi. Unaona, nimejifunza.

Sahondra


Ambositra, 9 Februari 1994

Kwa Katibu wa Ofisi ya Ufadhili

Sahondra ni mjukuu wangu. Nimemlea tangu alipokuwa na miaka minane. Ana akili. Anaijua kazi yake kuliko mtu yeyote wa hapa. Ridhaa yangu anayo.

Mchukueni.

Ratsimba


Ambositra, 12 Februari 1994

Kaka Njaka,

Nimemwambia. Nilimsomea barua ya ofisi asubuhi ya tarehe tisa, sikupunguza neno. Akataka nirudie pale panaposema sina uwezo.

"Mimi niliwaambia hivyo?"

"Ndivyo walivyosoma, Babu."

"Lakini mtu akikuambia mjukuu wangu hajui kitu, unamjibu, hapana mzee, anajua. Hilo hata mlevi wa sokoni analijua."

"Wao hawalijui."

"Hawakujibu hivyo?"

"Hawakujibu hivyo."

Akatikisa kichwa. "Maskini. Hao watu nani anawalea?"

Nilidhani imekwisha kwa mzaha. Kisha akauliza wanataka nini, nikamwambia wanataka aseme kwamba ninafaa, bila kitu mbele yake wala nyuma yake.

"Nikusifu? Mjukuu wangu mwenyewe, mbele ya watu nisiowajua?"

"Ndiyo, Babu."

Alitazama pembe ya mashariki ya chumba, kule tunakozungumza na wazee wetu waliokwisha kufa. "Si humu," akasema. "Nishushe."

Akashuka kwa makalio ngazi yote mpaka chini, kwa kuku. Nikampa ubao, akauweka juu ya banda, akaandika hapo, kuku wanamdonoa viatu. Mara mbili kalamu ilikwenda yenyewe kwenye radhi na mara mbili akachana karatasi. Ya tatu ndiyo nimeituma. Unaiona nakala yake. Ni fupi kuliko risiti. Aliponipa hakuniangalia. Alisema, "Nimekuvua nguo mbele ya watu. Sasa angalau wakupe koti."

Jana walikuja kumwalika harusi ya ukoo wa upande wa mto. Aliwaambia koo linamuuma. Koo lake ni zima, Njaka. Nilipomuuliza, akasema mtu aliyekwisha kusema bila kuomba radhi hawezi tena kuwaombea wengine, labda baada ya muda, labda hapana.

Nimepata nilichokitaka, na nyumba imekuwa kimya.

Sahondra


Grenoble, 14 Machi 1994

Mdogo wangu,

Barua zako mbili zimenifikia kwa kupishana wiki mbili. Ya Januari niliitia mfukoni nikaenda nayo kazini kila siku.

Uliniuliza swali, nami sikujibu kwa sababu jibu nililokuwa nalo lilikuwa hapana, na hapana ya namna hiyo sikujua pa kuianzia. Hapa nina chumba chenye joto, nina kazi, na hakuna anayejua mimi ni mtoto wa nani. Nilijua nikirudi nitakaa. Nyumba ile haimwachi mtu arudi kwa wiki mbili.

Juzi bosi aliniuliza kama nina familia. Nikajibu nina babu na dada. Akauliza nani anamtunza babu, nikasema dada. Akaandika kitu kwenye karatasi yake, akapita kwenye swali lingine.

Wakikuchukua, niandikie tarehe tu.

Njaka


Ambositra, 30 Mei 1994

Kaka Njaka,

11 Septemba.

Sahondra


Ambositra, 16 Oktoba 1994

Kwa mdogo wangu Sahondra, Montpellier

Barua yako ya kwanza imefika jana. Nilimsomea Babu dirishani, mchana, akiwa na kofia.

Hukunionya. Kurasa mbili nzima. Umeomba radhi kwa kuandika kabla ya walio wakubwa, kwa kukaa mbali, kwa kula bila sisi, kwa mwandiko, kwa wino, kwa posta. Umewaomba radhi mpaka kuku. Mwanzoni nilisoma haraka ili nifike kwenye habari. Akanizuia kwa fimbo. Kisha kila ulipoomba radhi akaanza kuitikia, kwa sauti ile ya harusini ambayo sikuwa nimeisikia tangu niliporudi: "Huna lawama. Sema." Nikasoma polepole. Jirani alisimama chini barabarani akidhani tuna wageni.

Katikati ya ukurasa wa pili nikaona ule mguu wake usiouma unamchezacheza.

"Mwambie apunguze," akasema. "Kuna watu wanangoja kujua kama anakula."

Leo asubuhi wamekuja tena wale wa upande wa mto. Safari hii ni mtoto wa pili anaoa. Hakusema koo linamuuma. Aliwauliza kama gari lao lina kiti cha mbele.

Ngazi nimeitia kishikio, hakitumii, ameshazoea makalio. Vifukofuko vya miti yako ya tapia nilikwenda kuvihesabu Jumamosi kama ulivyoniagiza kabla hujaondoka. Nilikosea, nikarudia, nikakosea tena. Tarakimu nilizopata ziko upande wa pili wa karatasi hii. Mwenye akili atazirekebisha. Asubuhi mimi ndiye ninayefungua madirisha. Bonde liko palepale lilipokuwa nilipokuwa na miaka kumi na tisa, na baadhi ya asubuhi nalifunga dirisha tena kidogo.

Ofisi ya Grenoble, ambao walikuwa wameniongezea mwaka, wameandika kuuliza nitarudi lini. Sijawajibu.

Babu naye anauliza utarudi lini. Nimemwambia nitakuuliza. Sikuulizi.

Kaka yako,
Njaka